Naomba ushauri: mbia wangu anataka tugawane faida yote
Habari zenu wakuu. Mimi na mbia wangu tunamiliki biashara nusu kwa nusu, na safari hii faida ni nzuri. Yeye anataka tuigawane yote. Anasimamia hoja ya mchumi wa Marekani, Milton Friedman, ya mwaka 1970: wajibu wa kampuni ni kuongeza faida bila kuvunja sheria, na anayetaka kusaidia watu atoe mfukoni mwake. Mimi nasema faida hii ni jasho la wafanyakazi pia, hivyo sehemu iende kwenye mishahara. Ila kuna jambo linaninyima usingizi: nusu ya hicho ninachotaka kuwapa ni mali yake. Je, ni haki kumbebesha dhamiri yangu, au nitoe kwenye gawio langu tu? Mliowahi kupishana hivi na mbia, mlikubaliana vipi?