Naomba ushauri: mzimu wa nyanya umwite mhusika wangu Atieno au Otieno?

Ja_Dunga: Habari zenu wadau. Naandika riwaya ya vijana, ya kifantasia, mandhari ni Kisumu, kati ya Dunga na Nyalenda. Mhusika mkuu ana miaka 17, ni transijenda: alizaliwa akaitwa Atieno, jina la kike, siku hizi ni Otieno, la kiume. Usiku mmoja nyawawa, yaani mizimu ya Kijaluo, wanapita, mtaa mzima unagonga sufuria na mabati kuwafukuza warudi ziwani. Yeye anamsikia mmoja akimwita. Ni nyanya yake, aliyefariki kabla kijana hajamwambia mtu siri yake. Amwite nani? Rafiki yangu anasema nyanya wa Kijaluo hawezi kusema Otieno, wasomaji watacheka. Halafu sura ya mwisho nataka Otieno afe amfuate nyanya. Semeni ukweli.

Msoma_Usiku: Usimuue, tafadhali. Wahusika kama yeye tumewazika wa kutosha. Katika riwaya ya Cemetery Boys ya Aiden Thomas (2020), Yadriel, kijana transijenda, ndiye anayeita mizimu, tena yuko hai. Jamaa zake wanamnyima tambiko la wanaume, analifanya mwenyewe. Mzimu ni wa kijana mwingine kabisa, na msumbufu!

Nyar_Seme: Huyo rafiki yako alilelewa wapi? Kwetu marehemu ndio huja ndotoni kudai jina. Mtoto akilia bila kukoma, wazee wanataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Jina alilonyamazia ndilo lake. Kwa hiyo nyanya ana haki ya kumwita upya kuliko hata mama mzazi. Na yote mawili ni aliyezaliwa usiku, herufi moja tu imebadilika.

Mzazi_Nakuru: Mimi mambo haya siyakubali, nasema wazi. Lakini ya nyawawa nitasoma. Hakikisha sufuria zinagongwa sawasawa, sisi tuliwahi kupasua moja ya mama.

Mwalimu_Kakamega: Kiswahili kitakuficha mno, "yeye" haina jinsia. Mvutano uweke kwenye "dada" na "kaka", hapo ndipo watu huumizana. Ukitaka na walio hai wasumbue, leta cheti cha mtihani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, kwenye cheti chake na kuondoa alama ya jinsia. Ilibidi aende kortini. Nyanya amalize kazi hiyo usiku mmoja, ofisi ichukue riwaya nzima. Ila asihubiri, mzimu ukihubiri nafunga kitabu.

Ja_Dunga: Nyar Seme, umeniamsha, nimeandika upya usiku huu. Nyanya anaita Atieno, kijana anazidi kugonga. Anajaribu jina la shangazi, kijana anagonga. La babu, bado. Kisha Otieno, na sufuria inanyamaza. Kifo nimekifuta. Swali dogo: majirani wakiona amenyamaza peke yake, wamfikirie nini?

Nyar_Seme: Kwamba amelala. Mama yake ndiye atakayejua.