Ekari 3 Magarini bila hati: mbolea ya ruzuku, Uwezo au AFC?

MnaziMkinda (Magarini)
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina ekari 3 za marehemu baba, mchanga mtupu, hati bado haijatoka. Mvua za mwaka, yaani masika, zikianza nataka mahindi na muhogo, na pembeni minazi 50. Naambiwa serikali ina njia tatu: mbolea ya ruzuku, Mfuko wa Uwezo, na mkopo wa Shirika la Fedha za Kilimo, AFC. Aliyezipitia anieleze. Nina watoto wawili sekondari, nikikosea msimu huu tutaumia.

Mama Simsim (Mpeketoni)
Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu baba. AFC iache kwanza. Wanataka dhamana, na dhamana ya mkulima ni hati ya shamba. Mimi ninayo, skimu hii ya Ziwa Kenyatta wengi tulipata, nikakopa nikachimba kisima. Kisima kimenilipa. Lakini siku nilipoikabidhi ile hati sikupata usingizi mpaka alfajiri, na mpaka nimalize deni kila mvua ikichelewa nilikuwa naiona hati tu.

Uwezo hauna riba, unalipa asilimia 3 ya uendeshaji, na unapewa miezi 6 kabla ya kuanza kurejesha. Ni wa vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kina akaunti, na maombi yanapitia kamati ya eneo bunge lako. Mkeo ana chama?

Kusi (Ganda)
Mama amesema kweli, ila kwa Uwezo chagua wenzako vizuri. Mmoja akihama, deni lake mnalibeba nyote. Kwetu tulichanga miezi minne kumlipia mtu aliyekwenda Mombasa.

Ruzuku nayo usiitarajie kama pesa. Ni nafuu ya bei: gunia la kilo 50 lilikuwa 3,500 mwaka 2022, likashushwa hadi 2,500 mwaka 2023. Unajiandikisha kwa chifu au naibu wake, halafu unangoja ujumbe kwenye simu. Mimi tarakimu moja ya kitambulisho iliandikwa vibaya. Nikangoja ujumbe huku jirani anapanda, huku anapalilia, mpaka mahindi yake yakanifika kiunoni. Usiondoke pale kabla hujasomewa namba yako yote. Na uweke nauli ya kuleta magunia kutoka ghalani, maana hiyo hakuna anayekupunguzia.

Bwana Shamba Mstaafu (Malindi)
Mnahesabu fedha, mmesahau ujuzi, na ujuzi ndio msaada usiorudishwa. Nenda ofisi ya kilimo ya wadi, mwombe afisa aje aikanyage hiyo ardhi. Kwenye mchanga mbolea ya dukani hushuka na maji ya mvua, kwa hiyo anza na samadi shimoni, na ile ya kukuzia igawanye mara mbili. Mahindi chukua PH1 au PH4, zilitengenezwa kwa ajili ya Pwani. Muhogo, najua nyote mnapenda Kibandameno kwa utamu wake, nami naupenda, lakini ugonjwa wa batobato unaumaliza: majani yanajikunja na kuwa na madoa ya manjano, ukichimba unakuta mizizi kama vidole. Ulizia mbegu ya Tajirika, ni ya watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa.

Na minazi usiinunue kwa deni la Uwezo. Mnazi mrefu wa kwetu unakaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na mkopo unaanza kudai baada ya miezi 6. Utalipia nini?

Mchu (Faza)
Naongeza upande wa mazingira. Kuna FLLoCA, mpango wa tabianchi unaopitia kaunti. Hapewi mtu mkononi. Kamati ya wadi ndiyo inayopendekeza miradi ya umma, kama vile visima na kuzuia mmomonyoko. Ukiwa na korongo linalokula shamba lako na la jirani, lipelekeni pamoja.

Sisi huku msaada ulikuwa wa kufundishwa. Tulipanda mikoko kwenye ufuo wa mawimbi, ikang'oka yote. Afisa wa misitu akatupeleka kwa miguu, tope magotini, akatuonyesha kijito kilichotulia ambako mbegu zinajichomeka zenyewe. Hakutupa hata shilingi, na mikoko ile leo imenipita kichwa.

MnaziMkinda (Magarini)
Nawashukuru sana. Mke wangu yumo kwenye chama chenye akaunti, nitamwomba walizungumze Uwezo kwa ajili ya mbegu na kibarua tu. Kesho naenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho. Minazi nitanunua kidogo kidogo kwa pesa ya muhogo. Bwana Shamba, niipande umbali gani?

Bwana Shamba Mstaafu (Malindi)
Mita 9 kwa 9. Hiyo 50 yako haiwezi kukaa pembeni, itachukua ekari nzima. Ila ikiwa midogo mahindi yatakubali katikati yake, kwa hiyo pima kwa kamba kabla hujalima.