Hilux LN65 ya 1986: nifufue 2L yake, niweke 3L, au niende 1KZ?

Mtoto wa Mombo (Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Marehemu baba ametuachia Hilux ya mwaka 1986, LN65, kabini moja, 4x4, ekseli nzima mbele na springi za bapa pande zote. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilimbebea kabichi na peasi kutoka Lushoto hadi soko la Tanga. Sasa ina miaka sita imelala chini ya mwembe hapa nyumbani. Nimeamua kuifufua uani kwangu mwenyewe, na fundi nitamwita kwa zile kazi nisizoziweza. Kuiuza sitaki.

Injini ni 2L, dizeli ya cc 2,446. Nilimwaga oili na dizeli ya zamani, nikaweka betri mpya, nikatoa hewa kwenye mafuta, ikawaka kwa shida. Moshi mweupe mwingi. Rejeta ikifunguliwa injini inawaka, mapovu yanapanda bila kukoma. Fundi wa jirani aliniazima geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, tukapata kwa silinda nne psi 390, 385, 270 na 380. Ya tatu ndiyo imeanguka.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni kufanya ovahoo ya 2L, yaani kuifungua na kuitengeneza upya, ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili ni kutafuta injini ya 3L au 5L ya mkononi. Ya tatu, ambayo vijana wengi wa hapa wananisukuma kwayo, ni 1KZ-TE yenye tabo. Kazi ya gari itabaki ileile: mzigo wa kilo 700 au 800, mlima wa Mombo hadi Lushoto, na safari moja moja ya Dar.

Aliyewahi kuifanya mojawapo kwa mikono yake anisaidie. Bado sijanunua hata bolti.

Dizeli Kavu (Arusha)

Mkuu, pole kwa msiba na hongera kwa kuitunza.

Vipimo vyako vinaongea. Kwa injini hii, silinda ikishuka chini ya psi 284 imeshatoka kwenye kiwango, na silinda moja isipishane na nyenzake kwa zaidi ya psi 71. Ya tatu imevuka mipaka yote miwili. Ukiongeza na mapovu kwenye rejeta, mimi nashuku hedi (kile kichwa cha injini chenye vali) au gasketi yake kabla ya pistoni na ringi. Hedi za 2L zinajulikana kwa kupasuka katikati ya vali mbili, hasa gari lililowahi kuchemka likaendelea kutembezwa.

Usikubali mtu akwambie "ovahoo" kabla hedi haijashuka chini na kupimwa. Nimeona watu wanalipia silinda kuchongwa, pistoni na ringi mpya, halafu hedi ileile yenye ufa inarudishwa juu. Baada ya mwezi wako palepale.

Jambo la pili, tafuta kwa nini ilichemka. Chungulia rejeta, koroga maji uone kutu, shika feni uone kama klachi yake bado inakaza. Hata ungeweka injini mpya ya aina yoyote, rejeta iliyoziba itaiua.

Shamba Kilifi (Kilifi, Kenya)

Ndugu yangu, mimi niliweka 3L kwenye LN65 kama hiyo yako, na nimeitumia kwa mzigo wa nazi na simiti mwaka wa tano sasa. Nitakueleza kazi yenyewe ilivyokuwa.

Uzuri ni kwamba L, 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja. Giaboksi yako inashika 3L bila adapta, klachi inakaa, propela (shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli) haiguswi. 3L ni cc 2,779 na 5L ni cc 2,986, zote hazina tabo. Pampu ya 3L ni ya kimakanika, haijui kompyuta. Huku pwani Hiace za matatu zilizotembea na 3L na 5L ni nyingi mno, kwa hivyo spea utaipata hata Jumapili.

Tatizo liko kwenye asili ya injini. Ile niliyonunua ilitoka kwenye Hiace, na sampu yake, lile karai la oili, haikukubali kukaa juu ya ekseli ya mbele ya Hilux. Ilinibidi nihamishe sampu ya 2L pamoja na chujio lake la kufyonzea oili. Mauntingi za injini, vile vishikio vyake, nazo nilizitoa kwenye 2L. Kwa hivyo injini yako ya zamani usiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu hadi mpya iwake na itembee.

Halafu kuna altaneta. Nyuma ya altaneta ya injini hizi kuna pampu ndogo ya vakyumu inayovuta hewa kwa ajili ya buster ya breki, ile inayosaidia mguu kukanyaga. Mimi nilipewa altaneta nyingine, nzuri, inachaji vizuri, lakini haina ile pampu. Nilipotoka getini nikakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama gogo. Bahati ilikuwa mwendo wa mtu anayetembea. Tangu siku hiyo, kabla sijatia ufunguo kwenye gari nililolifungua injini, nafuata kwa kidole mpira wa vakyumu tangu altaneta mpaka buster.

Mkanda wa taimingi badilisha kabla injini haijaingia, ingawa muuzaji atakuapia ni mpya. Injini ikiwa nje ni kazi ya saa chache.

Kilima Kirefu (Nairobi)

Naheshimu waliotangulia lakini nitatetea 1KZ, maana ninayo kwenye Hilux ya 1988 na naipenda.

Tazama mlima wako. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000 kwa kona zisizoisha. Dizeli isiyo na tabo inapungua nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Mimi naishi zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na 2L yangu ya zamani ilikuwa ikipanda kwa gia ya pili huku malori yananipita. 1KZ-TE ni cc 2,982, ina zaidi ya farasi 120, ambapo 3L haifiki mia. Ukiwa na kilo 800 mgongoni tofauti unaisikia kwenye kiti.

Gharama sitaficha. Nilinunua injini ikiwa na giaboksi yake, kontroboksi (kompyuta yake), nyaya zote na pedali, na ikanigharimu karibu mara mbili ya 3L niliyokuwa nimeitajiwa. Nilibadilisha rejeta, nikatengenezewa mauntingi, propela ikakatwa na kusawazishwa. Kazi iliyopangwa wiki tatu ilichukua miezi minne.

Dizeli Kavu (Arusha)

Kilima Kirefu, umesema kweli tupu na ndiyo maana namwambia huyu ndugu asiende huko. Hedi ya 1KZ nayo haipendi joto hata kidogo. Gari lililoharibika kwa kuchemka unalipa injini yenye joto zaidi, kwenye chumba kilekile cha injini, na mtu anafanya kazi uani. Si kwamba haiwezekani. Ila siku ya kwanza ikigoma Mombo saa mbili usiku, nani atampimia sensa?

Waya Mwekundu (Dar es Salaam)

Hapo kwenye sensa ndipo kazi yangu ilipo, mimi ni fundi umeme wa magari.

Kaka, 1KZ-TE pampu yake inaongozwa kwa umeme. Ikikosa kontroboksi yake, haiendi. Wanaoleta injini za Dubai mara nyingi wanakata nyaya kwa shoka ili injini itoke haraka, na wewe unapewa mkia wa waya wenye urefu wa kiganja. Kuunga nyaya 40 kwa kubahatisha rangi ni njia ya kuunguza kontroboksi. Ukiamua njia hiyo, nunua ile ambayo soketi zote ziko nzima na umeiona ikiwaka mbele yako. Vinginevyo acha.

Kwa 3L unahitaji waya wa kukatia mafuta kwenye pampu, plagi za kupashia na rilei yake, geji ya joto, swichi ya oili, staa na altaneta. Hizo unazo tayari kwenye gari.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini hakikisha una risiti ya uliponunua, na upeleke mabadiliko TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ifanane na chuma. Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ukaguzi wake. Na kwa kuwa gari lilikuwa la mzee, maliza kwanza mirathi na kuhamisha umiliki, halafu ndiyo uguse namba ya injini. Nimemwona mteja akihangaika mwaka mzima kwa kugeuza mpangilio huo.

Bahari Mbili (Muscat)

Assalaam aleykum. Nyote mmeshika injini, mimi nauliza chasisi. Gari la pwani lililolala miaka sita chini ya mti, majani yakioza juu yake, injini si ugonjwa wake wa kwanza.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaitika kwa sauti butu, na pengine nyundo inaingia. Usipite haraka nyuma ya kabini na pale masikio ya springi za nyuma yanaposhikia, maana mchanga na chumvi hukaa humo ndani. Halafu inua zulia uone sakafu miguuni kwa dereva, na chini ya mpira wa kioo cha mbele.

Sakafu usiruhusu ichomelewe kwa fito za umeme za kawaida, bati ni jembamba, litatoboka. Tumia mashine ya waya yenye gesi, au fundi mzuri wa mtungi. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma cheupe, weka kiraka cha bati, shika kwa nukta, ruka upande wa pili, rudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo bati linajikunja kama chapati. Na vua vituo vya betri kabla mashine haijawashwa.

Puti ni ya kusawazisha uso tu. Puti juu ya kutu ni kuifunika ili iendelee kula ukiwa huioni. Sisi huku, gari kama hizi watu wanazipenda sana na wanazirudisha upya kabisa, lakini anayeifanya vizuri humkuti na kopo la rangi miezi mitatu ya mwanzo.

Shamba Kilifi (Kilifi, Kenya)

Ahsante Bahari Mbili, hilo ni kweli kabisa. Mimi nilianza na injini nikaja kuivua tena ili nichomelee chasisi. Kazi mara mbili.

Kilima Kirefu (Nairobi)

Na breki jamani. Mimi nilipoongeza nguvu ndipo nilipogundua breki za kushuka nazo zilihitaji kuongezwa. Mlima wa Lushoto unapandwa mara moja na unashukwa mara moja, na kushuka ndiko unakokuwa na mzigo. Bila kujali injini gani, silinda za magurudumu, mipira yote na paipu za chuma zilizokula kutu zibadilishwe zote. Hapo sibishani na mtu.

Mtoto wa Mombo (Tanga)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimesoma kila neno.

Hedi ilishuka Jumamosi. Fundi aliisafisha, akapuliza ile dawa nyekundu ya kupenya, tukasubiri, akafuta, akapuliza unga mweupe. Kwenye silinda ya tatu, katikati ya vali mbili, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea. Tulikaa kimya wote wawili tunautazama unavyozidi kukolea. Silinda zenyewe chini zina mistari, ukuta wa ya tatu unashika ukucha. Rejeta tuliipindua, ikatoka tope la rangi ya matofali.

Kwa hiyo 2L ingehitaji hedi nyingine na kuchongwa chini. Nilipojumlisha, ilikuwa inanyemelea bei ya 3L nzima. Nimeamua 3L. Kilima Kirefu, nguvu za 1KZ nimezitamani kwa dhati, na ningekuwa na gereji yenye kuta ningejaribu. Lakini baba alikuwa anasimama popote kati ya Mombo na Soni na kulitengeneza gari kwa spana nne, na hilo ndilo ninalotaka libaki.

Bahari Mbili, nyundo iliingia mahali pawili: sikio la springi ya nyuma kushoto na sakafu ya dereva. Nilipoinua zulia nikakuta kokwa za plamsi, nyingi, zimekauka, zimejipanga kwenye ukingo ambako alikuwa anazitupia akiendesha. Nimezitia kwenye kopo. Sakafu imekatwa, kiraka kiko tayari, mchomeleaji mwenye mashine ya gesi anakuja Alhamisi. Mpangilio wangu ni chasisi, breki, rejeta, halafu injini.

Mirathi iko mahakamani, dada yangu ndiye msimamizi.

Swali moja limebaki. Bodi ya nyuma imeoza kabisa upande mmoja. Niitengeneze ya chuma kama ile ya asili, au niweke ya mbao yenye kuta za kushuka pande tatu kama wanavyofanya wengi wa huku?

Shamba Kilifi (Kilifi, Kenya)

Kwa kabichi na peasi, weka ya mbao. Mzigo unapakiwa na kushushwa pande tatu, na ubao ukivunjika unabadilisha ubao mmoja. Ila iketi kwenye fremu ya chuma, na kati ya fremu na chasisi weka vipande vya mpira mzito, vinginevyo inasaga chasisi na kutu inaanza upya palepale ulipochomelea.

Sampu usiisahau. Kabla hujaiosha, pima kwa rula umbali wa mdomo wa lile chujio kutoka chini ya karai ikiwa bado kwenye 2L, uandike. Ikihamia kwenye 3L, upime tena kabla hujafunga. Umbali ukitofautiana, niandikie hapa kabla ya kuwasha.