Chungu wamenishinda jikoni, nyumba ya mawe ya kale, nifanyeje bila sumu?

BintiKuze
Assalam alaykum jamani, mwenzenu nateseka. Twakaa nyumba ya zamani huku Kuze, Mji wa Kale Mombasa, ile ya kuta za matumbawe na chokaa, na tangu mvua ianze chungu wametuvamia jikoni, wale wadogo weusi wenda mbio. Sukari nimeifunika wakaja kwa asali, asali nikaitia kwa friji wakahamia kwa kaimati, yani ukiwacha sahani ya shira mezani ukaenda kuswali tu ukirudi imejaa. Dawa za kupuliza sitaki, kuna mtoto anatambaa, na bibi naye hataki wauliwe, asema Mtume amekataza kuua chungu, tuwafukuze tu. Sasa wafukuzwa vipi? Naskia karafuu, mara siki, mara mdalasini, mara majivu, kila mtu na lake.

shangazi_likoni
Waalaykum salaam mwanangu. Karafuu yafanya kazi lakini si kuweka punje mbili kwa mkebe wa sukari kisha ukae. Itwange kidogo itoe harufu, itie pale wanapotokea, na harufu ikipotea ubadilishe. Sisi zamani miguu ya kabati ya chakula ilikuwa yakaa ndani ya mikebe ya maji, chungu hapandi ng'o. Ila isogeze isiguse ukuta manake watapitia huko huko wakucheke.

kijana_majengo
Mikebe ya maji ndani ya nyumba, Mombasa hii? Si ndo mazalio ya mbu wa dengi na chikungunya hayo shangazi 😅

shangazi_likoni
Maji yamwagwa na mikebe yasuguliwa ndani kabla wiki haijaisha, mayai ya mbu hushika pembeni. Na tone la sabuni watia. Vijana mwataka kila kitu kikae chenyewe.

FundiKisauni
Dada usiwafute kwanza, waache uufuate msururu wao uone watoka wapi. Chungu akipata chakula hurudi kwao huku anapaka harufu chini na wenzake wanaifuata hiyo hiyo, ndo maana waona wamepanga laini, sasa ukiweka karafuu pembeni na ile njia iko vilevile watazunguka tu waendelee. Ukishajua mlango wao ndo ufute njia yote toka kwa chakula mpaka kwenye ufa, maji ya sabuni yatosha, au siki nusu maji nusu. Lakini siki ni kwa taili na mbao!! Ukuta wa chokaa usipake, siki yala chokaa, na marumaru ndo kabisa. Halafu ziba ufa, na nyumba yenu msizibe kwa simiti, simiti yafungia unyevu ndani ya matumbawe plasta ibambuke, tumia chokaa na mchanga laini. Majivu sina imani nayo, yakiloa kwa mvua hii yamekwisha kazi.

kijana_majengo
Mwahangaika bure, tafuteni poda ya boriki, ile ya kunyunyiza kwa ubao wa mchezo wa keramu, changanya na sukari, wanaibeba wenyewe mpaka kwa malkia, kwisha habari.

BintiKuze
Nimesema bibi hataki wauliwe 😂😂 na mtoto atia kila kitu mdomoni

FundiKisauni
Kijana hakukosea, boriki yafanya kazi kweli manake yawafikia walio ndani ya shimo, sisi tunaowaona ni wale watafuta chakula tu. Lakini ni sumu kwa mtoto, kwako hapana.

MamaPaka_Tudor
Nami niongeze, wenye paka msipake mafuta ya karafuu sakafuni, paka hulamba miguu na yale mafuta ni mabaya kwao. Na punje nzima usiziache chini mtoto asije akasakamwa.

BintiKuze
Haya nimewafuata. Watoka kwa fremu ya dirisha, na nje pale kuna mwasmini wa bibi umepanda mpaka umelalia kizingiti, wapita juu yake kama barabara. Kumwambia bibi ukatwe mimi siwezi.

FundiKisauni
Geuza majani uangalie chini, ukiona vidukari, vile vidudu vidogo vimeshikana, basi chungu wafuata utamu vinaoutoa. Viondoe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, uyasuuze baadaye.

shangazi_likoni
Usiukate mwanangu, bibi atakulaani. Ufungeni kwa kamba uache ukuta na dirisha, na zile tawi chache zinazogusa fremu mwambie mwatolea maua ya kikuba cha kujipamba, atakupa mkasi mwenyewe.