Kusajili ardhi ya jamii: pa kuanzia ni wapi, na msitu je?

Koriti
Habari zenu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 (Kenya) inataka jamii ijisajili ndipo ipewe hati. Hatua zinafuatana vipi? Na jamii ya wawindaji na warina asali, ambayo makao yake yalitangazwa msitu wa serikali, inapita njia hiyohiyo?

Mpimaji
Tenganisha mambo mawili: kuna kusajili jamii, halafu kusajili ardhi. Cheti cha kwanza si hati miliki, ingawa wengi hukisherehekea kama ndiyo.

Tangazo la mkutano hutolewa kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, na redioni inapobidi. Mkutano unachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kamati inampelekea msajili jina la jamii, orodha ya wanajamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni zao. Baada ya hapo ndipo yanakuja matangazo ya mipaka, kusikiliza wenye madai, upimaji, kisha hati.

Panapokwama sana ni kwenye orodha. Mwanamke aliyeolewa ndani ya jamii ni mwanajamii kisheria. Ukimwacha nje, unaikaribisha kesi.

Mwanasheria wa Bonde
Msitu ni habari nyingine. Kifungu 63 cha Katiba kinazihesabu ardhi za mababu za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii, lakini kifungu 62 kinachotoa waziwazi katika misitu ya umma ni misitu ya jamii, si ardhi hizo za mababu. Tatizo ni lile tangazo la zamani: halijafutwa, kwa hiyo mpimaji hatagusa. Zimebaki njia mbili. Moja ni ombi Bungeni chini ya kifungu 34 cha Sheria ya Misitu ya 2016, nyingine ni mahakama.

Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, waliishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Mnamo Juni 2022 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na hati ya pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 watu walikuwa wakitolewa Mau. Hukumu haijitekelezi, jamani.

Koriti
Asanteni. Na kabla ya hati, kaunti inaweza kuuza?

Mpimaji
Haiwezi. Inashika kama mdhamini tu, na fidia yoyote iliyolipwa kwa ardhi hiyo huwekwa kwenye akaunti yenye riba hadi ardhi isajiliwe.

Baada ya hati, kuuza au kumpa mwekezaji kunahitaji theluthi mbili ya mkutano wa jamii, yaani watu wazima wote walio kwenye orodha. Ndiyo maana nasema usiijaze majina ya marehemu na waliohama: siku ya kura watahesabiwa, na akidi haitatimia.