Taa za mbele huwaka zenyewe mchana, za nyuma zabaki giza: ni hitilafu au gari limeundwa hivyo?

Mwalimu wa Naivasha

Habari zenu nyote. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa umeme wa magari, kwa kuwa jambo hili limeninyima utulivu tangu wiki iliyopita.

Ninaishi Limuru na kufundisha Naivasha, kwa hiyo kila siku ya kazi napita Uplands, Kimende na Kinungi. Wanaoijua barabara hii watakumbuka jinsi ukungu wa mwezi wa Julai unavyokaa juu ya lami hata saa mbili au saa tatu asubuhi, wakati kumekwisha kupambazuka kabisa. Mwaka huu nilinunua gari dogo la rangi ya kijivu, lililotumika Japani kabla ya kuletwa Mombasa. Injini ikiwaka tu, taa mbili nyeupe za mbele nazo huwaka bila mimi kugusa swichi, na dashibodi yote hung'aa. Kwa sababu hiyo niliamini kwamba gari lina taa, na sikuwahi kulifikiria suala hilo tena.

Siku ya Jumanne niliingia kwenye kituo cha mafuta pale Kinungi, na dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu akaingia pia. Alishuka, akaja hadi dirishani kwangu, akaniambia kwa upole: “Mama, nyuma huna taa kabisa. Nimekufuata tangu Kimende, na nilikuwa nakuona unapokanyaga breki tu.” Nilishuka nikatazama. Mbele, taa zile nyeupe zilikuwa zinamulika ua wa kituo. Nilipozunguka nyuma nikakuta vioo vyekundu vimepoa, havina hata cheche. Miguu yangu ililegea, kwa maana ninambeba mwanangu kwenye kiti cha nyuma.

Maswali yangu ni haya. Je, hii ni hitilafu, au gari liliundwa hivyo? Ikiwa swichi iko kwenye alama ya kujiwasha yenyewe, kwa nini gari halikutambua ukungu? Na je, fundi anaweza kuunganisha waya ili taa za nyuma ziwake pamoja na zile za mchana?

Fundi Umeme, Nakuru

Mwalimu, pole sana, na umshukuru dereva huyo. Gari lako halina hitilafu. Wanaonijia gereji na malalamiko kama yako ni wengi, na karibu wote hufika wakiwa wamekwisha kununua balbu mpya za nyuma ambazo hawakuzihitaji.

Taa hizo nyeupe ni taa za mchana. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwezesha anayekuja mbele yako akuone. Hazikuwekwa ili zikuangazie njia, wala hazimhusu aliye nyuma yako. Umoja wa Ulaya ulizifanya za lazima kwa aina mpya za magari madogo kuanzia tarehe 7 Februari 2011, na malori na mabasi yakafuata mwaka 2012. Kanuni iliyotumika haikulazimisha taa za nyuma ziwake pamoja nazo. Japani iliziruhusu rasmi mwaka 2016, na kwa kuwa Kenya huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, magari mengi yanayoshuka sasa bandarini tayari yanazo. Ndiyo maana tatizo ambalo miaka kumi iliyopita sikuwahi kuliona sasa nakutana nalo kila wiki.

Kinachowapotosha madereva hasa ni dashibodi. Katika magari ya zamani, saa ya mwendo ilikuwa haisomeki gizani mpaka uwashe taa, kwa hiyo giza la dashibodi lenyewe lilikukumbusha. Siku hizi dashibodi ni kioo kinachong'aa muda wote injini ikiwaka, mchana na usiku. Dereva huona mwanga mbele ya macho yake na mwanga mwingine barabarani, akaridhika, na hana namna ya kujua kwamba mgongo wa gari lake uko giza.

Kuhusu kujiwasha zenyewe: nyuma ya kioo cha mbele kuna kihisi kidogo kinachopima wingi wa mwanga. Kanuni za kimataifa, ambazo Japani pia inazifuata kwa aina mpya za magari tangu Aprili 2020, zinataka taa kamili ziwake mwanga unaposhuka chini ya luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Saa mbili asubuhi ndani ya ukungu wa Kimende, mwanga mara nyingi unakuwa bado juu ya kiwango hicho, kwa sababu ukungu hautoi giza bali unatawanya mwanga na kuufanya mweupe pande zote. Kihisi hupima wingi wa mwanga tu na hakijui kwamba macho ya binadamu hayaoni mita hamsini mbele. Kwake yeye huo ni mchana wa kawaida. Mvua kubwa ya adhuhuri nayo ni hivyo hivyo, ingawa baadhi ya magari huwasha taa pale vifuta kioo vinapofanya kazi mfululizo.

Sasa suala la kuunganisha waya. Nakusihi usikubali, hata kama atakayekushauri ni fundi mwenye jina Kirinyaga Road, mtaa wa mafundi wa magari jijini Nairobi. Katika gari kama lako, waya wa taa za nyuma hautoki tena moja kwa moja kwenye swichi. Unatoka kwenye kompyuta inayosimamia umeme wa bodi. Ukiingiza umeme kutoka kwenye waya wa taa za mchana, unaweza kurudi kinyume, ukawasha taa ya namba, ukapunguza mwanga wa dashibodi kana kwamba ni usiku, au ukaiunguza sehemu ya kompyuta ambayo bei yake itakuliza. Njia salama unayo mkononi. Kabla hujaondoa gari, zungusha swichi ya taa hadi kwenye alama ya dimu. Hapo taa za mbele, za nyuma na ya namba zitawaka zote pamoja. Kisha mwombe mtu asimame nyuma akuthibitishie, au urudishe gari karibu na ukuta mweupe jioni, utazame kwenye kioo cha pembeni kama mabaka mawili mekundu yanaonekana ukutani.

Mswahili wa Calgary

Nawasalimu kutoka Kanada. Mwalimu, suala hili limewasumbua wenyeji wa huku kwa miaka mingi, tena kabla ya Ulaya, kwa maana Kanada ilizilazimisha taa za mchana kwa magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989. Ajali za kugongana ana kwa ana zilikuwa ndizo zilizokusudiwa, na upande wa nyuma ukasahauliwa. Dashibodi za kung'aa zilipoenea, polisi wakaanza kukuta usiku, katikati ya mji wenye taa za barabarani, magari ambayo mbele yana mwanga hafifu na nyuma hayana kitu. Watu huyaita magari ya mzuka.

Serikali ilibadilisha kanuni, na tangu Septemba 2021 kila gari jipya linalouzwa hapa lazima litimize mojawapo ya mambo matatu: taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana dashibodi inapong'aa, au taa zote zijiwashe zenyewe giza linapoingia, au dashibodi ibaki giza mpaka dereva awashe taa kwa mkono wake. Mimi binafsi naona la kwanza ndilo lililopaswa kuwa la lazima peke yake, kwa sababu la pili linategemea kihisi kile kile ambacho Fundi amekieleza, nacho huku kinadanganywa na theluji kama kinavyodanganywa huko na ukungu. Siku ya theluji inayopeperuka, kila kitu ni cheupe na mwanga ni mwingi mno, lakini gari lililo mbele yako hulioni.

Niongeze jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu msimu wangu wa kwanza wa baridi. Taa za nyuma za kisasa za LED hazitoi joto la kutosha mbele ya kioo chake kuyeyusha theluji, tofauti na balbu za zamani. Nilikuwa nimeziwasha vizuri kabisa, lakini niliposimama kupata chai nikakuta tabaka la barafu la unene wa kidole limezifunika, na mwanga wake ni doa la waridi tu. Tangu siku hiyo huwa nazipangusa kila ninaposimama. Ninadhani tope la huko kwetu wakati wa masika hufanya kazi hiyo hiyo.

Dereva wa Tukuyu

Shikamooni wakubwa, na wengine salaam. Mimi naendesha semi kati ya Mbeya na mpaka wa Kasumulu, na ukungu wa Isyonje unaweza kukukuta saa nne asubuhi. Mwalimu, nataka nikueleze ninachokiona nikiwa kwenye kiti changu, kwa sababu nadhani wenye magari madogo hawajawahi kukiona.

Ndani ya ukungu, gari la kijivu au jeupe lisilo na taa nyuma haliji polepole machoni. Halipo, kisha lipo, na linapokuwa lipo mimi niko na mzigo wa tani karibu thelathini nateremka. Vile viakisi vyekundu vya kwenye bampa havisaidii kitu, maana vinangoja taa zangu ziwapige, na ukungu unazirudisha taa zangu usoni kwangu kabla hazijafika. Nikiwasha fulu ndiyo naona ukuta mweupe mtupu. Lakini gari lile lile likiwa limewasha taa za nyuma, hata zile ndogo, naona doa jekundu mapema, na utingo wangu huwa wa kwanza kuniambia, “Kuna mtu mbele.”

Ukiwa na taa ya nyuma ya ukungu, ile nyekundu kali inayokuwa upande mmoja au zote mbili, iwashe ukungu unapokuwa mzito, na uizime ukungu unapokwisha kwa sababu inaumiza macho ya aliye nyuma. Magari mengi ya Japani hayana, kwa kuwa kule si lazima. Na nakuomba usiendeshe huku umewasha hazadi, jinsi wengi wanavyofanya. Sisi tulio nyuma tunadhani umesimama, na ukitaka kukata kona indiketa yako haitaonekana.

Mzee wa Mwendokasi

Nimesoma yote kwa makini, lakini nina wasiwasi. Taa za nyuma zikiwaka mchana kutwa, je, taa za breki hazitapoteza nguvu machoni pa aliye nyuma, hasa pale zinapokuwa kwenye kioo kimoja? Na je, matumizi ya umeme hayataongeza mafuta?

Fundi Umeme, Nakuru

Mzee wangu, hoja yako ya kwanza ina uzito, na ni miongoni mwa sababu zilizotolewa Ulaya wakati taa za nyuma zilipoachwa. Lakini tazama vipimo vyenyewe. Taa ya kawaida ya nyuma inaruhusiwa kuanzia kandela 4 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga wa taa), na ya breki huanzia 60, kwa hiyo tofauti ni kubwa sana isipokuwa mtu ameweka balbu zisizo zake. Tena kuna taa ya tatu ya breki, ile ya juu katikati ya kioo, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari madogo ya mwaka 1986 na kuendelea. Hiyo haiwaki kamwe pasipo kukanyaga breki. Taa ya nyuma ya ukungu ndiyo ya kuangaliwa, kwani huanzia kandela 150 na ikikaa karibu na ya breki inaweza kuifunika.

Kuhusu mafuta, balbu mbili za nyuma za wati 5 ni wati 10 tu. Kinachokula umeme ni taa kubwa za mbele za halojeni, wati 55 kila moja, na taa za mchana ziliwekwa ili hizo kubwa zisilazimike kuwaka mchana.

Mwalimu wa Naivasha

Nawashukuru sana, Fundi, ndugu wa Calgary, ndugu wa Tukuyu na Mzee. Leo asubuhi nimefanya kama mlivyoelekeza. Ukungu ulikuwa mzito pale Uplands, nikatoka kabisa barabarani, nikasimama kwenye uwanja wa duka saa mbili na robo. Swichi ilipokuwa kwenye kujiwasha yenyewe, nyuma palikuwa giza kama siku ile. Nilipozungusha hadi dimu, mwenye duka akapaza sauti, “Sasa zinawaka!” Kisha akaongeza kwamba ya kulia ni hafifu kuliko ya kushoto. Nimeitazama kwa karibu na nimeona matone ya maji ndani ya kioo chake. Je, nibadilishe balbu?

Fundi Umeme, Nakuru

Usibadilishe chochote kwanza, Mwalimu. Fungua taa hiyo kutoka ndani ya buti, kausha maji, kisha utazame waya mweusi wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mahali unapofungwa. Pakiwa na kutu ya kijani au ya kahawia, pasafishwe kwa msasa mpaka chuma king'ae. Mpira wa kuzuia maji nao uangaliwe kama umepasuka. Ukipita Nakuru, njoo nayo kabla ya saa kumi ili tuijaribu kukiwa bado na mwanga wa mchana.