Turbo inavuja oili na maji: nianze na poda, rangi ya taa, pampu ya rejeta au niifungue?

Mdau wa Nyegezi:
Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux ya dizeli inayobeba dagaa kutoka mwalo wa Kirumba kwenda Geita. Siku hizi inadondosha oili chini ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), na maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo bila kuonekana yanakokwenda. Fundi mmoja ameniambia turbo imekufa na tayari ameshanitafutia ya mtumba, ilhali mwingine anataka kwanza aweke rangi maalumu kwenye oili kisha aimulike kwa taa ya zambarau. Kabla sijatoa fedha, naomba mnilinganishie njia hizi. Moshi si wa bluu, wala nguvu ya gari haijapungua.

Fundi Dizeli, Igoma:
Mkuu, sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye uzito. Turbo iliyokufa hujitangaza yenyewe kwa moshi wa bluu, mlio unaofanana na king'ora na gari kuishiwa nguvu mlimani. Ieleweke pia kwamba oili kwenye shafti ya turbo (mhimili wake unaozunguka) haizuiwi na sili ya mpira kama kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini), bali na pete ndogo za chuma zinazosaidiwa na msukumo wa hewa. Kwa hiyo oili ikikosa njia ya kurudi, itatoka hata kama turbo ni mpya. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa kuteremka tu. Bomba la kurudishia likibanwa, likijaa masizi, au gasketi yake ikipakwa silikoni nyingi hadi ikaingia ndani ya tundu, umeshapata kuvuja.

Mimi ningeanza na njia ya poda, kwa sababu haina gharama. Osha eneo lile injini ikiwa imepoa, kausha vizuri, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio ya mabomba, uwashe injini iungurume kwa muda, kisha uangalie ni wapi poda inaanza kulowa. Anza kukagua juu, si chini. Oili ya kifuniko cha valvu huteremka na kupeperushwa na upepo hadi ikaifikia turbo, na turbo ikahukumiwa kwa kosa la jirani.

Dada wa Buhongwa:
Nakubaliana na mengi, ila poda ina mipaka. Inafaa pale panapovuja vya kutosha. Panapotoa jasho la oili tu, na hasa gari likipita barabara ya vumbi, baada ya muda kila kitu kinakuwa tope jeusi na huoni chochote. Hapo rangi ya taa inashinda, kwa kuwa unaendesha safari zako kama kawaida, usiku unamulika, na njia ya oili inang'aa kijani-njano kuanzia inapotokea. Hakikisha tu kwamba rangi ni ya oili, maana ya maji ya rejeta ni nyingine. Poda nayo isikaribie kabisa mdomo wa kuvutia hewa.

Mzee wa Mwaloni:
Mnazungumza oili tu, na mwenzetu amesema maji pia yanapungua. Turbo nyingi hupozwa kwa maji pamoja na oili, na maji yanayovuja pale hukauka papo hapo kwa joto, kwa hiyo hutaona tone. Tafuta ukoko mweupe, au wenye rangi ya kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini), kwenye maungio ya mabomba madogo ya maji. Kwa maji hakuna kinachoishinda pampu ya kupimia rejeta: unaifunga mahali pa kofia injini ikiwa baridi, unapampu hadi kiwango cha presha kilichoandikwa kwenye kofia yako (za Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1), kisha unatazama mshale. Ukishuka, kuna mahali panapovuja. Chukua tochi na kioo kidogo upafuate. Usiijaribu injini ikiwa ya moto.

Fundi Dizeli, Igoma:
Mzee amesema kweli. Naongeza kipimo cha kipumulio: injini ikiunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu kikiwa kimegeuzwa. Kucheza kidogo si neno kwa dizeli, lakini kikirushwa, presha ndani ya injini ni kubwa na inazuia oili ya turbo isirudi. Ukibadilisha turbo bila kutibu hilo, hata mpya itavuja.

Dereva wa Sengerema:
Kufungua turbo kuwe hatua ya mwisho, ingawa kuvua bomba la hewa pekee ni kazi ndogo na kunaonyesha mengi. Utando mwembamba wa oili mle ndani ni kawaida. Dimbwi si kawaida. Shika shafti kwa vidole: kucheza kidogo juu na chini kunakubalika, kwenda mbele na nyuma kusihisike. Mabawa yakiwa yamekwaruza ukuta wa nyumba yake, hapo ndipo uanze kuzungumza habari za mtumba. Ukikuta dimbwi, usiwashe tena gari, kwani dizeli inaweza kunywa oili yake yenyewe ikapaa mizunguko, na kuzima ufunguo kusisaidie.

Mdau wa Nyegezi:
Nashukuruni sana. Nimeanza na poda, na imelowa kwenye mpira wa bomba la kurudishia, palipo na klipu iliyokazwa hadi mpira ukaminyika. Kifuniko cha oili kinacheza tu, hakirushwi. Nimeagiza mpira mpya na gasketi, bila silikoni. Ukoko wa kijani nimeuona kwenye bomba moja la maji, hivyo ninaazima pampu kabla ya kupakia mzigo tena. Ya mtumba nimeikataa.